Nyumba na Kazi: Glavu za Mrina Asali



Tumepokea barua ya mama mmoja wa upande wa Sikonge, kusini ya Tabora. Barua ni ndefu na hatuna nafasi ya kuichapa yote, lakini maana yake ni hii. Mwanawe mkubwa, baada ya kumaliza masomo, amerithi mizinga ya babu yake iliyotundikwa porini, naye ameongeza mizinga michache ya masanduku karibu na shamba lao. Siku moja alipokuwa Tabora mjini alipita kwenye mitumba akaona jozi ya glavu nzuri mno: nyeusi, nene mgongoni, zenye vipande vigumu juu ya vifundo vya vidole mfano wa gamba la kobe. Muuzaji akamwambia kwamba hata risasi haipenyi. Kijana akazinunua.

Usiku wa kwanza wa kurina akazivaa, akapanda mti, akafungua mzinga. Kabla hajatoa sega la pili mikono yote miwili ilikuwa ikiwaka kama aliyeitia jikoni. Akaiachia kamba ya ndoo. Ndoo ikaanguka, asali ikamwagika mchangani, na yeye mwenyewe akateremka salama kwa rehema ya Mwenyezi Mungu tu. Siku tatu mkono wake wa kulia haukuweza kushika hata kijiko.

Mama huyu atuuliza mambo mawili. La kwanza, ni glavu gani zimfaazo mrina asali? La pili, kwa kuwa fedha za nyumbani ni chache na tumbaku nayo inakaribia kuchumwa, je, jozi moja haiwezi kufanya kazi zote mbili? Jibu la swali la pili ni kwamba haiwezi, na kosa hilo laweza kuleta madhara makubwa kuliko ya zile glavu nyeusi. Ndiyo maana tumeona tuutoe ukurasa wetu wote wa mwezi huu kwa jambo linaloonekana dogo kama vazi la mkono.

Tuanze na zile glavu nyeusi, maana kijana hakufanya upumbavu. Kwa sifa alizotuandikia mama, na kwa picha aliyoiambatanisha na barua, hizo ni glavu za mchezo. Uko mchezo ulioanzia Marekani mwaka 1981, ambao watu hugawana makundi mawili wakajificha nyuma ya miti na vizuizi, wakapigana kwa bunduki za hewa zinazorusha vidonge vyenye rangi ndani yake. Apigwaye na kidonge kikapasuka juu yake hutoka mchezoni. La ajabu ni kwamba vidonge hivyo havikubuniwa kwa mchezo. Vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya watu wa misitu na wachungaji, wapate kuitia alama miti na ng'ombe kutoka mbali. Basi glavu za mchezo wenye asili ya msituni zimerudi msituni, ila si kwa kazi yake.

Kidonge kile kina upana wa milimita 17 hivi, na huenda kwa mwendo unaokaribia mita 90 kwa nukta moja. Madhara yake ni pigo. Kwa hiyo mtengenezaji wa glavu zile huweka kinga mahali pigo linapouma zaidi, yaani juu ya mgongo wa mkono na vifundo, penye mfupa bila nyama. Kiganja hukiacha chembamba ili mchezaji ausikie mtambo wa bunduki kwa kidole chake. Mara nyingi hukata kabisa ncha za vidole viwili. Na katikati ya vidole hutia kitambaa chenye matundu ili jasho lipate kutoka. Kwa pigo, glavu hiyo ni nzuri. Lakini nyuki hapigi, hudunga, naye hutafuta penye upenyo. Ncha ya kidole iliyo wazi, matundu ya kitambaa na kifundo cha mkono kisichofunikwa, hapo ndipo apatakapo. Tena rangi nyeusi humkasirisha, jambo ambalo tutalieleza. Ukizitazama vizuri utaona kwamba glavu zile zilikuwa imara kila mahali ambapo nyuki hakuhitaji kupita.

Hapa pana jambo ambalo msomaji apaswa kulishika kabla hajaingia dukani. Glavu haiulizwi kama ni nene au nyembamba, ghali au rahisi; huulizwa inakinga nini. Pigo lina glavu yake, mwiba una yake, na maji yenye sumu yana yake. Yaliyobaki katika makala hii ni kueleza hilo kwa mambo ya Tabora.

Huenda wazee wakasema: baba zetu walirina bila glavu, na hatukusikia malalamiko. Ni kweli walirina. Nchi ya Unyamwezi ilikuwa nchi ya asali na nta kabla ya wengi wetu kujua jina la Tabora. Katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo, ikapita Tabora, iliyokuwa ikiitwa Kazeh na wasafiri wa wakati huo, hata ikafika Ujiji ziwani, watu wa misitu hii walikuwa na asali yao na pombe yao ya asali. Wakati wa utawala wa Mjerumani nta ya Unyamwezi ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizoteremka pwani, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mzigo ukaondoka mabegani mwa wapagazi. Nta yote ile ilitolewa kwa mikono mitupu.

Lakini tuwaangalie wazee wale walivyofanya. Waliitundika mizinga ya magome na ya magogo juu ya miti, mbali na nyumba na njia. Walikwenda usiku, wakati nyuki hawaruki ovyo. Walitumia moshi mwingi wa mwenge. Walikuwa na utulivu wa mkono ambao hufundishwa na baba kwa mwana kwa miaka mingi. Hawakukurupuka, hawakuponda nyuki. Na kwa kudungwa tangu utotoni, wengi wao miili ilizoea, wakawa hawavimbi sana. Kijana aliyetoka shuleni juzi hana hata moja katika hayo. Mama aliyefungua mizinga miwili ya masanduku nyuma ya shamba, na wako wengi siku hizi katika vikundi vya akina mama, naye hana. Kuwaambia hawa waende mikono mitupu kwa kuwa babu alikwenda hivyo ni kuwadhulumu.

Sasa tumjue nyuki. Mwiba wake una vimeno vilivyoelekea nyuma kama vya ndoana. Anapomdunga mtu mwiba hubaki katika ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu ndani hata baada ya nyuki mwenyewe kuondoka kwenda kufa. Sumu iliyo nyingi huingia katika nukta ishirini hivi za kwanza. Kwa hiyo mwiba uondolewe upesi, kwa kucha au kwa kisu au kwa vidole. Haraka ni bora kuliko ustadi. Na pale ulipoingia mwiba hutoka harufu inayofanana na ndizi mbivu. Hiyo ndiyo baragumu yao. Nyuki wengine wakiinusa huja palepale alipodunga mwenzao. Ndiyo sababu mtu aliyedungwa mara moja katika mkono hudungwa mara ishirini katika mkono uleule.

Katika habari za rangi na kitambaa, nyuki wetu wa miombo, ambao ni wakali kuliko wa Ulaya, wana adui wa kale, naye ni nyegere, mnyama mweusi mwenye manyoya anayevunja mizinga. Chochote cheusi au chenye manyoya kinachosogea penye mzinga hukichukulia kama adui wa namna hiyo. Basi rangi nyeupe au ya mchanga ni bora, na uso wa glavu uwe laini bila vinyweleo. Mwandishi wa ukurasa huu anaandika kwa kujua. Katika ujana wake, alipoalikwa na jamaa zake kwenda kutazama urinaji, alivaa glavu za sufu za kahawia alizopewa kama zawadi, akidhani kwamba unene wa sufu utamtosha. Kucha za nyuki zilinasa katika nyuzi, wakashindwa kujinasua, na waliponaswa wakadunga kwa hasira. Glavu zile zilivuliwa kwa kukimbia, na mwandishi hakuona sega hata moja.

Kati ya glavu ziuzwazo, ile ifaayo kazi ya mzinga wa sanduku ni ya ngozi ya mbuzi, nyembamba na laini, yenye mkono mrefu wa kitambaa kizito unaofika kiwikoni na kukazwa kwa lastiki. Ngozi ya mbuzi ni imara ingawa nyembamba, na vidole hupata kuhisi. Kuhisi huku si anasa. Anayeshika kijiti cha sega bila kukihisi hukiponda, na akiponda nyuki mmoja ameipiga ile baragumu mwenyewe. Ngozi ya ng'ombe huzuia mwiba vizuri zaidi lakini hufanya vidole kuwa kama magogo. Tumeona watu waliovaa glavu nene mno wakadungwa zaidi mwilini, kwa sababu ya fujo waliyoifanya mzingani.

Mkono mrefu wa kitambaa, kama glavu uliyoipata hauna, mwaweza kuushona nyumbani. Marikani mzito wafaa, kitambaa kilekile kilichopita njia hii ya misafara kwa mitumba na mitumba kikitumika kama fedha. Ukunje mara mbili, na pale kinapoungana na ngozi pasibaki tundu hata la kupitisha punje ya mtama. Wengi hudungwa katika kifundo cha mkono kwa sababu hiyo tu.

Lipo neno moja ambalo nyumba ya Kiislamu haiwezi kulipita. Glavu nyingi za kazi zinazotoka ng'ambo zimetengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, kwa kuwa ni rahisi na hailiwi sana na maji. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi katika nchi zetu, ngozi hiyo haitahiriki hata kwa dibagha. Ikigusana na jasho au maji mkono hunajisika, na kuutahirisha ni kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kadhalika asali inayochuruzika, ikiguswa kwayo, imenajisika. Kuitambua si vigumu. Peleka ngozi mwangani uitazame upande wa juu: ngozi ya nguruwe ina vitundu vilivyokaa vitatu vitatu, mfano wa mafiga, tena vinaonekana mpaka upande wa ndani. Ngozi ya mbuzi ina vitundu vidogo vilivyopangika kwa mistari. Ukiwa na shaka, na kibandiko hakisemi, iache glavu hiyo, kwani za mbuzi zipo.

Wako watumiao glavu za mpira, zile za kuoshea vyombo. Hatuzilaumu. Mwiba huweza kupita, lakini katika mpira mnene hauendi mbali, na mara nyingi mtu akiusogeza mkono ndani ya glavu mwiba hutoka. Ubora wake ni kwamba huoshwa mara moja, wala hazihifadhi harufu. Ubaya wake ni jasho. Baada ya nusu saa mkono umekuwa kama uliotoka mtoni. Ama zile nyembamba za daktari, unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na mwenye kuzitumia penye nyuki wakali awe ni mtu aliyekwisha kuzoea. Si za kuanzia.

Kwa vipimo, chukua utepe wa fundi cherehani uzungushe kiganja pale vidole vinapoanza, bila ya kidole gumba. Inchi unazozipata ndiyo namba yako: inchi 8, yaani sentimita 20 hivi, ni namba 8. Ukiivaa kunja ngumi. Ikikubana mgongoni ni ndogo. Kisha jaribu kuokota sarafu mezani. Ukishindwa, hutaweza kushika kijiti cha mzinga bila kuponda. Ncha za vidole zisizidi ncha zako mwenyewe, kwa maana ncha tupu ya glavu ndiyo inayobanwa kati ya kijiti na kijiti pamoja na nyuki.

Kwenye glavu zilizotengenezwa kwa kanuni za Ulaya utaona picha ndogo. Picha ya nyundo maana yake imejaribiwa kukatwa, kuchanika na kutobolewa, na picha ya chupa ya maabara maana yake imejaribiwa kwa maji ya dawa na kemikali. Usidanganyike na ile nyundo. Jaribio lake la kutoboa hufanywa kwa chuma kinene, na mwiba wa nyuki ni mwembamba mno kulinganisha nacho. Glavu yenye alama nzuri ya nyundo yaweza kupitisha mwiba kwenye mshono wake. Ile ya chupa tutairudia katika habari ya tumbaku.

Sasa lile la mti. Haya yote tumeyasema kwa mzinga ulio chini au unaofikiwa kwa ngazi fupi. Kwa mzinga uliotundikwa juu kwa kamba, maoni yetu ni mengine. Glavu iliyolegea, au iliyopata asali, huteleza kwenye kamba na kwenye gome, na kuanguka kutoka tawini kwaua upesi kuliko kudungwa. Mwenye kupanda apande na kushuka kwa mikono mitupu, glavu zikining'inia kiunoni, azivae akiwa ameketi imara na kujifunga. Au, lililo bora zaidi, mzinga uteremshwe kwa kamba urinwe chini. Mama amwambie kijana wake jambo hili kabla ya jambo la glavu. Tabora kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki, na mafunzo ya namna hii hayakosi walimu katika mkoa huo.

Baada ya kazi glavu zioshwe. Si usafi tu: ile harufu ya ndizi hubaki katika ngozi, na mrina anayekwenda na glavu za juzi ambazo hazikuoshwa amekwenda na baragumu inayolia. Ng'oa miba yote, osha kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, anika kivulini, kisha paka nta kidogo ngozi isikakamae. Usizioke juani, zitapasuka.

Na kwa kuwa kurina huenda mpaka karibu na alfajiri, tuwakumbushe warina kwamba gundi ya nyuki na nta vikiganda vidoleni huzuia maji yasifike kwenye ngozi, na udhu hautimii mpaka viondolewe. Vipake mafuta ya kupikia, vifute kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni. Ama glavu zenyewe hazina ruhusa kama ile ya khofu za miguuni, lazima zivuliwe. Hii nayo ni faida ya glavu njema: aliyezivaa hana gundi ya kukwangua wakati wa Sala umebana.

Tuje katika tumbaku. Tunajua kwamba wako miongoni mwa wasomaji wetu wasiotaka kuliona neno hili katika gazeti hili, na hukumu ya mmea wenyewe tunawaachia masheikh. Lakini tangu mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 kushindwa, na tumbaku kushika mahali pake Urambo katika miaka ya 1950, nyumba nyingi sana za mkoa huu zimesomesha watoto kwa jani hilo. Kuwanyamazia hakuwasaidii.

Jani bichi la tumbaku lina sumu iitwayo nikotini, nayo huyeyuka katika maji. Tumbaku huchumwa masika, kuanzia majani ya chini kwenda juu, na mara nyingi asubuhi na mapema, umande ungali juu yake. Maji yale ya mvua au umande, au jasho la mchumaji mwenyewe, hubeba nikotini yakaipitisha katika ngozi. Baada ya saa chache mtu huanza kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kuumwa kichwa na tumbo, na uso kupauka. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili. Waganga wa Florida, Marekani, waliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1970. Kwetu, ambako kila kichwa na kila tapishi huitwa malaria, mchumaji hunywa dawa za malaria, akapumzika, akapona kwa sababu ametoka shambani, akarudi shambani akiisifu dawa.

Sasa msomaji aone kwa nini jozi moja haifai. Ngozi ya mbuzi, ambayo tumeisifu kwa nyuki, hunywa maji. Ikivaliwa katika tumbaku yenye umande itanywa maji yenye nikotini na kuyaweka juu ya mkono asubuhi nzima, tena mkono wenye joto na jasho. Ni afadhali mkono mtupu unaooshwa kila mara kuliko mkono uliofungiwa ndani ya sumu. Halafu glavu zile zile ziende zikashike masega! Ngozi iliyokunywa nikotini haitoki kwa kuosha mara moja, na asali ya mninga na mtundu ambayo watu huitumia kama dawa, na ambayo fadhila yake kila Mwislamu aijua katika Sura ya Nyuki, isitiwe uchafu huo.

Kwa tumbaku itakiwayo ni glavu isiyopitisha maji, ya mpira au ya aina iitwayo naitrili, yenye ile picha ya chupa, na ndefu kupita kifundo. Ikunje ncha ya juu iwe kama mfereji, ili maji yanayoteremka unapoinua mkono yasiingie ndani. Ikiingia maji, ivue palepale, osha mkono na uigeuze ikauke. Glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu ileile tuliyoitaja ya ngozi. Ijaribu kila asubuhi kwa kuijaza maji ndani na kuibana. Na mikono siyo ngozi peke yake: mikono mirefu ya shati, na kitu kisichopitisha maji kifuani na mapajani, vyahitajika pia, maana mchumaji huyakumbatia majani. Lililo bora kuliko yote halina bei, nalo ni kungoja umande ukauke.

Mama hakuuliza habari za watoto wadogo, lakini katika barua yake ametaja kwamba binti yake wa miaka 11 "husaidia". Hapa twasema bila kuzunguka. Mwili mdogo hupata sumu nyingi kwa kila kilo ya uzito wake, na mtoto hana mazoea yoyote ya nikotini. Glavu za watu wazima zikimpwaya hujaa maji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza walio chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi za hatari, zikiwemo za kilimo. Na ingawa binti hakuajiriwa na mtu, jani haliulizi kama mchumaji ni mwajiriwa au ni mwana wa nyumba. Basi mama asimtafutie glavu za namba yake. Mjamzito naye asichume; apewe kazi iliyo mbali na majani mabichi.

Na katika nyuki yuko mtu ambaye glavu haimfai hata iwe ya namna gani. Ni yule ambaye, baada ya kudungwa mara moja au mbili, havimbi pale alipodungwa tu, bali hupata vipele mwili mzima, midomo na ulimi kuvimba, pumzi kubana, au kuzimia. Huyo akimbizwe hospitali akapate sindano ya adrenalini, na baada ya hapo asikaribie mzinga tena. Hata asiye na maradhi hayo, inakadiriwa kwamba miba inayokaribia 22 kwa kila kilo ya uzito wake yaweza kumuua, na kwa mtoto hesabu hiyo hutimia haraka. Kijana wa Sikonge alivimba mikono tu, kwa hiyo tunatumaini si miongoni mwa hao. Lakini amweleze mganga kabla ya msimu ujao.

Limebaki swali la fedha, ambalo ndilo lililomfanya mama aandike. Kama ana fedha ya jozi moja tu leo, anunue zile za mpira za tumbaku kwanza, zilizo nene, kwa maana mvua haingoji, na sumu ile huingia pasipo mtu kuhisi. Nyuki watangoja mpaka masika yaishe. Kisha kwa fedha za mauzo anunue za ngozi ya mbuzi, na mikono yake ya kitambaa aishone mwenyewe. Jozi hizi zisikae katika ndoo moja wala msumari mmoja. Afunge uzi mwekundu katika zile za tumbaku, ili hata aliyeamka na usingizi machoni asikosee.

Ama zile nyeusi za mchezo asizitupe. Amesema anaye mdogo wake aendeshaye bodaboda kati ya Sikonge na Tabora. Vifundo vile vigumu vilitengenezwa kwa pigo, na mwendesha pikipiki aangukapo hutanguliza mikono. Ampe yeye, ila kwanza atazame ile ngozi ya kiganjani mwangani.